Mkoa wangu nao unastahili ua lake

Mwezi wa sita, mwaka wangu wa pili hapa Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, mama mmoja tunayefanya naye kazi alisimamisha gari kando ya barabara akaniambia nishuke nione kitu. Mtaroni kwenye tope yalikuwa yamesimama maua meupe, kila moja na kifuko cha rangi ya waridi kama kiatu cha mtoto mchanga. Wenyewe wanaliita kiatu cha bibie. Nikanyoosha mkono nichume moja. Akanidaka kiganja. Akanieleza kwamba mmea ule unaweza kukaa hadi miaka 16 ndipo utoe ua la kwanza, kwamba ndilo ua rasmi la jimbo tangu 1902, na sheria inalilinda tangu 1925.

Mimi ni mtu wa Kilwa. Nyuma ya shule yetu kulikuwa na mipingo. Darasani tulichora nembo ya taifa bila kukosea: bibi na bwana, pembe za ndovu, karafuu, pamba, mlima Kilimanjaro. Kengele ikilia tunaingia porini kukata mpingo mchanga, miti ambayo huchukua miaka 70 na zaidi kukomaa. Hakuna mkubwa aliyetudaka kiganja. Leo nikisikia klarineti, ala ile ya kupuliza, inapigwa hapa, najua zile nzuri huchongwa kwa mti wetu, na roho inaniuma.

Nalitetea taifa langu: nchi yenye makabila zaidi ya 120 ilihitaji bendera moja ya kutukusanya, na ilitukusanya. Zanzibar imepata yake mwaka 2005, Muungano upo palepale. Lakini mikoa yetu tumeiacha kama jina la kwenye barua tu. Hapa jimbo lina ndege wake, samaki wake, uyoga wake, hata nyuki wake, aliyetangazwa mwaka 2019 akiwa tayari yuko hatarini kutoweka. Tufaha la jimbo liliombwa na watoto wa darasa la nne wa mji wa Bayport, bunge likakubali mwaka 2006.

Ndege wao ni yule anayeitwa loon: macho mekundu, mgongo wa madoadoa meupe, vifaranga wanapanda juu ya mama yao kama mtoto kwenye mbeleko. Baridi ikikaribia anakwenda baharini kusini. Kinda akishafika huko hukaa miaka miwili, mitatu, ndipo arudi kwenye maziwa ya kaskazini. Usiku akilia ziwani, mimi niliye mbali na kwetu huwa silali.

Sisemi kwamba wenzetu hawakukosea. Bendera yao ya zamani ilibeba mhuri wenye picha ya mkulima wa Kizungu akilima, bunduki yake iko karibu, na mwenyeji wa asili juu ya farasi akienda zake. Wadakota, wenyeji wa asili, walifukuzwa kweli katika ardhi hii baada ya vita vya 1862. Watu waliishi na picha ile zaidi ya karne, wakaamua imetosha. Kamati ikaita michoro, ikapokea zaidi ya 2,000, na tarehe 11 Mei 2024 ikapanda bendera mpya: upande mmoja buluu iliyokolea kwa umbo la jimbo, nyota nyeupe ya ncha nane, na upande wa pili buluu ya maji. Kwenye mhuri mpya yumo loon, umo mpunga pori ambao Waojibwe, wenyeji wengine wa asili, huuvuna kwa mtumbwi, mmoja anasukuma kwa upondo, mwingine anapukutisha kwa fimbo mbili. Na yamo maneno ya Kidakota, Mni Sota Makoce, nchi ambayo maji yake yanaakisi mbingu. Kwangu hayo maneno ndiyo makubwa kuliko nyota.

Ndiyo maana nataka kila mkoa kwetu uchague vitu vyake, na watoto ndio waulizwe. Dada yangu anafundisha shule ya msingi Kilwa, nikamwomba ajaribu na darasa la nne: mnyama gani awe wa kwetu? Karibu wote wakasema simba. Akawauliza nani amewahi kumwona simba, mikono ikabaki mezani. Kisha mtoto mmoja wa nyuma akasimama akasema, "Pweza, mwalimu. Mama anamchokoa kila bamvua."