Hata Mkojo Wangu Una Mwenyewe

(Halifax, Uingereza, 1780. Mfumaji wa sufu anamlalamikia kila anayepita.)

Karibuni jamani, ila msikae hapo, hayo manyoya ya kondoo yamechambuliwa jana. Hapo pia msikae. Nyumba hii kodi nalipa mimi, mwenye nyumba ni sufu. Kule juu kwenye madirisha mazuri umekaa mtambo wa kufumia. Sisi binadamu tumebanana huku chini gizani, pamoja na pipa.

Pipa la nini? La mkojo! Sasa mbona mnakunja pua? Sufu imejaa mafuta ya kondoo, na dawa yake ni mkojo uliolala mpaka ukachacha. Kwa hiyo hapa kwangu mtu akibanwa haendi kichakani kama watu huru. Juzi mgeni kachepuka kidogo nyuma ya ukuta, mama watoto akamkimbilia na ndoo: "Shemeji, unatutia hasara!"

Halafu yuko huyo Bwana John Kay wa Bury. Mwaka 1733 akabuni namna ya kurusha kibao cha uzi kwa kuvuta kamba tu. Kufuma kukawa mbio mbio. Sawa, nyuzi ziko wapi? Wasokotaji wanne hawanitoshi. Mke anasokota, binti anasokota, mama mkwe naye anasokota huku ananisema. Nyuzi zinakatika, yeye hakatiki.

Jora likiisha linakwenda kupondwa na nyundo za kinu cha maji, linarudi limesinyaa kama mimi mbele ya mdai. Tunalivuta kwenye kulabu huko nje likauke. Usiku silali, wezi! Zamani mjini hapa ukiiba mali ya pensi 13 na nusu, shoka linakushukia shingoni. Waliacha 1650. Siku hizi mwizi anapita anapiga mluzi.

Jumamosi nalibeba hadi Piece Hall, soko letu la vitambaa, jengo la mwaka jana tu, vyumba 315. Mnunuzi analipapasa, analinusa: "Mbona lanuka mkojo?" Ulitaka linuke mdalasini, mzee? Kisha anakata bei.

Na kufa nako kuna masharti. Sheria inataka maiti azikwe na sanda ya sufu, la sivyo faini pauni 5. Jana nimekohoa kidogo tu, mama watoto akalitazama jora, akanitazama: "Subiri Jumamosi ipite, hili lina mteja."