Acheni kutuuzia mizimu kwa jina la "kisa cha kweli"

Maneno matatu yanauza simulizi za mizimu kwenye simu zetu kuliko jalada, kuliko jina la mwandishi, kuliko hata simulizi yenyewe: kisa cha kweli. Utayakuta juu ya sehemu ya kwanza, kwa herufi kubwa. Kisha yanafuata makaburi, msukule aliyekutwa usiku akilima shamba la jirani, bibi anayeruka na ungo kutoka Chunya hadi Kyela na kurudi kabla jogoo hajawika. Mwishoni mwandishi anaahidi kwamba maoni yakifika mia, sehemu ya pili inashuka. Nazipenda simulizi hizi tangu utotoni na bado nazisoma. Kwa sababu hiyohiyo nasema maneno yale matatu yanamnyang'anya mwandishi kazi yake, na yanatuumiza sisi tunaoishi huku Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa.

Nianze na mwandishi. Ukishasema ni kisa cha kweli, umejishusha kuwa mpeleka habari. Msomaji hakuulizi umefanyaje mpaka yule bibi akatisha bila tone la damu kumwagika. Anakuuliza ni kijiji gani, huyo mtu yuko hai, mganga wake anapatikana wapi. Umekesha ukipanga sura, umefuta, umeandika upya, halafu sifa yote inakwenda kwa jini. Siku ukitaka kuuza kitabu cha pili, hakuna anayekukumbuka wewe. Wanakumbuka tukio.

Wazee wetu walilijua hili vizuri. Mtambaji alipokaa na watoto hakuanza kwa kuapa. Aliita, nao wakaitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Uongo uliitwa kwa jina lake, mbele ya kila mtu, kabla zimwi halijatokea. Na bado watoto walilala wamejifunika gubigubi. Kujua kwamba hadithi imebuniwa hakukupunguza hofu hata chembe. Hofu ilitoka kwenye ufundi wa msimuliaji, na wote waliokuwa pale walijua ni nani aliyewatia hofu hiyo, ndiyo maana kesho yake walimfuata yuleyule.

Sasa niseme la pili, ambalo ni zito zaidi. Ukanda wetu una makovu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu waliuawa na kuchunwa ngozi huku kwetu, na Mbozi ikavuma kwa ubaya huo. Januari 2019, Njombe ilizika watoto waliouawa kikatili, mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina, ikafika mahali wazazi wanawasindikiza watoto shuleni na kuwafuata jioni. Kuna vijiji ambako lambalamba, wale waganga wanaozunguka wakidai kufichua wachawi, wakiingia, wazee wanaanza kunyooshewa vidole. Katika mazingira kama hayo, simulizi inayosema kwamba mwanamke fulani mwenye macho mekundu, mjane, anayeishi peke yake, ni mchawi na hiki ni kisa cha kweli, si burudani tena. Ni ushahidi wa uongo uliotolewa dhidi ya kila mjane wa kijiji hicho.

Sisemi mizimu iachwe. Hapana. Nchi yetu hii ya milima imejaa mambo yanayomwita mwandishi wa maajabu, na ningependa riwaya kumi zaidi zitoke huku. Ninachotaka ni mwandishi ajitokeze hadharani na kusema: nimeibuni mimi, na nilivyoibuni ni hivi. Mahali pa kusemea hayo ni kwenye mahojiano.

Tatizo ni kwamba mahojiano tunayofanya na waandishi hayasaidii kitu. Sikiliza mtangazaji akimkaribisha mwandishi studio. Ulianza lini kuandika? Unakumbana na changamoto gani? Unawaambia nini vijana wenye ndoto kama yako? Mwandishi anajibu kwamba alianza akiwa shule ya msingi, changamoto ni mtaji, na vijana wasikate tamaa. Muda umekwisha, unapigwa wimbo. Mtu yeyote mwenye duka la viatu angeweza kujibu maswali hayo na majibu yangekuwa yaleyale. Msikilizaji aliyekuwa akisafisha mchele jikoni kwake hajapata sababu hata moja ya kukitafuta kile kitabu.

Niliwahi kumhoji dada mmoja wa Uyole anayeandika simulizi ya shule ya bweni ambako kila ukungu ukishuka, kitanda kimoja kinaongezeka bwenini. Kinakuwa kimetandikwa, shuka limekunjwa vizuri pembeni, ila hakina mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini amechagua kitanda, kwa nini si mtu. Alifikiri kidogo, kisha akanieleza kwamba mtu angeonekana, wanafunzi wangepiga kelele na simulizi ingeishia hapo. Kitanda kinahesabika. Matroni anaweza kupita asubuhi na daftari lake, akahesabu, akakuta hesabu imezidi, akahesabu tena. Hofu yote aliiweka kwenye lile daftari. Nikamuuliza kama amewahi kuona jini. Akasema hajawahi, ila alisoma bweni, na kuna mwaka mwenzao mmoja aliondoka katikati ya muhula, na kitanda chake kikaendelea kutandikwa na wengine mpaka shule ilipofungwa. Waliosikia mazungumzo yale walikuja kuuliza simulizi inapatikana wapi. Hakuna aliyeuliza ni shule gani.

Hilo ndilo jambo ambalo mahojiano mazuri hufanya: yanamwonyesha msomaji mkono wa mwandishi ukiwa kazini, na yanamwachia hamu. Anayehoji lazima awe amesoma. Hakuna njia ya mkato. Kama kitabu ni kirefu, basi asome sura tatu za mwanzo kwa makini, achague sentensi moja iliyomshtua, aanzie hapo. Amuulize mwandishi kanuni za dunia aliyoiumba, kwa sababu hadithi za maajabu husimama au huanguka kwenye kanuni. Kama mzimu wako unapita ukutani, mbona mlango uliuzuia kwenye sura ya tano? Mwandishi mzuri atafurahi kuulizwa hivyo. Asiye na jibu atakwenda kurekebisha kabla ya kuchapa tena.

Na aulizwe chanzo. Hapa ndipo ukanda wetu ulipo tajiri. Chukua kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi, kipande cha chuma na nikeli chenye uzito unaokadiriwa kufika tani 16. Wenyeji walikuwa wanakijua tangu zamani. Habari zake ziliwafikia watu wa nje mwaka 1930. Hakuna shimo la kuonyesha kilipopiga ardhi, ndiyo maana wataalamu huamini kilianguka maelfu ya miaka iliyopita. Usiku ule hauna shahidi. Mwandishi wa riwaya ya kisayansi akitaka kutuambia nani aliinua macho akauona ule moto ukishuka, uwanja ni wake peke yake, na hakuna mjane atakayeumia. Au nenda Kalenga, Iringa. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikufa mwaka 1898, fuvu lake likapelekwa Ujerumani, mkataba wa Versailles wa 1919 ukaweka kifungu cha kudai lirudishwe, na lilirudi mwaka 1954. Miaka 56 ugenini. Mwandishi akiamua kulipatia fuvu lile sauti, mimi nitakuwa wa kwanza kununua, lakini swali langu la kwanza kwake litakuwa ni nani amezungumza naye Kalenga kabla ya kuandika. Mkwawa ana ukoo, ana watu wanaomlilia. Swali hilo litaudhi baadhi ya waandishi. Liulizwe hivyohivyo.

Najua kuna watakaonijibu kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeisikia kwa waandishi wengi, tena hodari, waliokaa na maboksi ya vitabu chini ya kitanda wakingoja kizuri kijiuze. Kitabu cha Kiswahili kilichochapwa kwa gharama ya mwandishi mwenyewe hakijiuzi Mbeya. Maduka mengi ya vitabu mjini yanaishi kwa vitabu vya kiada, madaftari na Biblia, na mwenye duka hana sababu ya kuweka riwaya asiyoijua mbele ya kaunta. Tuzo zipo, na nazishukuru. Ile ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, na imewainua waandishi wachache kwa heshima kubwa. Lakini tuzo huchagua wachache, na msomaji wa Mafinga bado hajakishika kitabu.

Kwa hiyo nakala zigawiwe. Huko Marekani na Uingereza kugawa nakala ni sehemu ya kazi: kitabu hupelekwa kwa wasomaji kabla hakijaingia sokoni, ili siku ya kutoka kiwe tayari kina watu wanaokizungumzia. Goodreads, mtandao wa Kimarekani wa wasomaji wa vitabu, ilipoanza kutoza waandishi kwa huduma hiyo Januari 2018, kifurushi cha kawaida kilikuwa dola 119 na kile kikubwa dola 599, na mpango wenyewe ulilenga wasomaji wa kwao. Hatuhitaji dola hizo. Tunachoweza kuchukua ni lile wazo la msingi, kwamba nakala ya bure ni mkopo wa mazungumzo.

Namna tunavyogawa sasa haileti mazungumzo. Mwandishi anatangaza kwamba atakayeleta watu wengi zaidi kwenye kundi atapewa kitabu. Mshindi ni kijana mwenye namba nyingi kwenye simu, hajawahi kusoma riwaya hata moja, na kitabu kinaishia juu ya kabati. Mwandishi aliyechapa nakala 100 na kutenga 10 hawezi kuzitupa hivyo. Ningempeleka kwanza Maktaba ya Mkoa, Mbeya na Iringa, aache nakala kule. Ningempeleka kwa wanafunzi wa Kiswahili pale Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, kwa sababu wale kesho ni walimu, na mwalimu mmoja aliyeipenda riwaya ataisimulia madarasa mangapi! Mtangazaji wa redio apewe yake wiki mbili kabla ya mahojiano, siyo mlangoni mwa studio. Zinazobaki ziende kwa wasikilizaji, na wapatikane kwa swali ambalo jibu lake lilitajwa ndani ya mahojiano. Aliyesikiliza ndiye atakayesoma.

Kusafirisha si shida. Bahasha, jina, namba ya simu, unaikabidhi kwenye basi, mpokeaji anaifuata stendi. Makete inafika, Ludewa inafika, Tukuyu ndiyo kabisa.

Aliyepokea asiombwe kusifia. Hili nalishikilia sana. Aombwe jambo moja tu: aseme ni ukurasa gani aliogopa kweli, na kama hakumaliza, ni ukurasa gani aliweka kitabu chini. Anayesema aliacha ukurasa wa 40 kwa sababu mganga alianza kuhubiri amemsaidia mwandishi kuliko watu ishirini walioandika "kitabu kizuri sana, hongera". Waandishi wetu wana njaa ya ukweli wa namna hiyo, na wengi hawajawahi kuupata kwa mtu yeyote nje ya familia.

Na tafadhali, mtu asichangishwe chochote ili ashiriki. Ukikusanya shilingi mia tano kwa kila mmoja kisha ukachomoa jina la mshindi, hiyo ni bahati nasibu, na nchi hii ina sheria ya mwaka 2003 na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayosimamia mambo hayo kwa leseni. Mwandishi asiingie huko kwa ajili ya vitabu vitano. Vilevile nakala za simulizi zenye damu na mambo ya wakubwa zisipelekwe mkononi mwa mtoto wa sekondari. Apewe mwalimu wake wa Kiswahili, asome kwanza, aamue.

Julai 7 ni Siku ya Kiswahili Duniani, na huku kwetu inaangukia katikati ya baridi, watu wamejikunyata na jiko la mkaa tangu saa moja jioni, redio imewashwa. Ningetaka kila redio ya mkoa, kuanzia Iringa hadi Tunduma, itenge nusu saa jioni hiyo kwa mwandishi mmoja wa hadithi za maajabu wa hapohapo. Asome kurasa mbili kwa sauti yake. Mtangazaji aliyekisoma kitabu amuulize kanuni na chanzo, simu zifunguliwe, watu wambane. Nakala tano ziondoke siku hiyohiyo na majina ya washindi juu ya bahasha. Na kwenye jalada la mbele, pale palipozoea kuandikwa kisa cha kweli, liandikwe jina la mwandishi kwa herufi kubwa kuliko zote.