Jamani, Nilichuja Tu

Naandika haya nikiwa nimevaa kofia ndani ya nyumba, na sababu mtaiona. Nilitaka kungoja wiki mbili tatu mambo yapoe, lakini swahiba wangu keshatuma sauti ya dakika 4 kwenye kundi, na katika hizo 4, moja na nusu ni kicheko chake tu. Tangu jana napokea ujumbe. Kuna aliyeuliza kama ni kweli nimeshonwa nyuzi 9. Kuna aliyeniombea dua ndefu kabisa, ya kutoka moyoni, hadi nikaona aibu kumwambia ukweli. Ndugu yangu, kama unasoma hapa, dua yako naomba ibaki palepale, nitaihitaji kwa mengine.

Kwa mujibu wa swahiba, mambo ni matatu: kwamba nilizimia, kwamba nililia, na kwamba nilitoa wasia mbele ya watu 40. La kwanza ni kweli. La pili ni uzushi, lile lilikuwa jasho. La tatu tutalifikia.

Nyie mnaonifuata tangu enzi za ile kadi mnajua kilichoniponza. Ile kadi ya mke wangu, ukiifungua ua linasimama lenyewe. Mkaisifu. Mkaniita fundi. Mtu mzima ukiitwa fundi mara mbili kwa wiki moja, akili inahama. Basi familia ilipokaa kupanga sherehe ya shangazi kutimiza miaka 60, na mtu akauliza mapambo yatatoka wapi, nilisikia mdomo wangu ukisema, "Mapambo niachieni mimi. Yote ya karatasi, kwa mikono." Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nilidhani ananipongeza.

Kwa haki, mengine yalitoka vizuri, na lazima niyaseme kwa sababu swahiba kayaruka yote. Minyororo ya karatasi ilipendeza. Najua, hata mtoto wa chekechea anaiweza, lakini ikishaning'inia mita 9 ukutani hakuna anayeuliza umri wa aliyeitengeneza. Na nilikuwa na ujanja wangu. Ukitaka mraba kutoka karatasi ya A4, unaikunja pembe hadi ukingo wa pili, unakata kinachozidi. Hicho kinachozidi, milimita 87 kwa 210, watu hukitupa. Mimi nilikipasua vipande vinne kwa urefu, kila kimoja kikawa pete moja ya mnyororo. Miraba nikaipeleka kwenye viboksi vya zawadi, 20 kamili, kila kiboksi na mfuniko wake.

Mifuniko haikuingia hata mmoja.

Nilikuwa nimekata vyote sawasawa, kitako na mfuniko, kama mapacha. Kumbe kitako kinataka mraba uliopungua kidogo, milimita 4 au 5 tu zinatosha. Nililigundua hilo baada ya kumaliza kukunja cha 20, saa 6 za usiku. Nikavikunjua vitako vyote, nikavipunguza, nikavikunja upya. Mke wangu alipita sebuleni akanikuta, hakusema kitu, akazima taa moja.

Halafu korongo. Wajapani hukunja korongo 1,000 wa karatasi, wakawatunga kwenye nyuzi, kuombea mtu heri. Nikasema shangazi yangu hapungukiwi na heri, wanne watamtosha. Wawili walikuwa korongo kweli. Wa tatu alikuwa ndala. Wa nne tuliweka nyuma ya wale wawili. Niliwapenda wote sawa, kumbukeni hilo.

Lakini taji. Taji ndilo lililoniua.

Wazo lilikuwa kwamba nikimaliza hotuba (ndiyo, hotuba pia nilijipa mimi) namvika shangazi taji la mawaridi mekundu. Kiduara cha chini nikakata kwenye manila. Cha kwanza kilivunjikavunjika kama mgongo wa mzee, kwa sababu karatasi nayo ina uzi wake: ukiipinda kwa kufuata uzi inatii, ukienda kinyume inapasuka mistari. Cha pili kikatii. Mawaridi nikatengeneza kwa karatasi ya krepu, ile yenye vikunjo vidogovidogo inayovutika. Inavutika upande mmoja tu, hivyo unakata petali upande huo ukae kwenye upana, unaweka vidole gumba katikati, unasukuma taratibu, petali inabonyea kama kijiko. Nilifanya mawaridi 11. Nawaambieni, nyuki angekuja kuuliza nafasi.

Paketi ya krepu ilikuja na kikaratasi kidogo. Kilichorwa tone la maji, limepigwa mstari. Nilikiona. Nilikitazama kabisa. Kisha nikakitumia kupangusia gundi.

Siku yenyewe nilifika mapema kutundika. Taji lilikuwa kubwa (nililipima kwenye kichwa changu, mnataka nilipime kwa nani na ni siri?), boksi la kulibebea lilikuwa limebondeka, na mikono yote miwili ilikuwa na minyororo. Nikalivaa. Kwa muda tu, nililiambia taji. Nikapanda kiti, nikashuka, nikapanda. Pampu ya maputo ikagoma, nikapuliza 30 kwa mdomo. Nikiwa na taji. Nikapita mlango wa nyuma ambao ni mfupi, nikagonga paji la uso kwenye fremu, ngo! Nikaona nyota kidogo, nikaendelea. Nikiwa na taji. Mke wangu anasema alinikumbusha nilivue. Sikumbuki, ila siwezi kumbishia, maana wiki hii sina hadhi ya kubisha.

Sasa sikilizeni jambo la kimaumbile. Mtu mwenye nywele akitoka jasho, nywele zinalinywa. Mimi kipara. Kichwa changu ni bati. Kinachonyesha juu kinashuka chote.

Na shati lilikuwa jeupe. Sote tuliambiwa tuvae nyeupe.

Wageni wakakaa, shangazi akaingia, vigelegele, akakalishwa mbele. Nikapewa kipaza sauti. Nikatoa karatasi ya hotuba, nikaanza vizuri tu: "Shangazi, wewe ni nguzo." Nikasikia uvuguvugu nyuma ya sikio la kulia, ukishuka polepole shingoni. Jasho, nikasema moyoni. Nikaendelea. "Wewe ni nguzo ya—" Uvuguvugu wa pili ukaja kwa mbele. Huu haukuwa na haraka. Ulishuka katikati ya paji, ukafika kwenye nyusi, ukasimama pale kama mtu anayetafakari avuke au asivuke. Nikakunja uso kidogo kuusukuma.

Ukavuka. Tone likaanguka juu ya hotuba.

Jekundu. Duara safi kabisa, kama muhuri wa ofisi, juu ya neno "nguzo".

Nililitazama. Kwa kipaza sauti ilisikika mtu anapumua, na mtu huyo ni mimi. Tone la pili likaanguka kando ya la kwanza. Nikainua macho nimtazame shangazi, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu tabasamu lake lilikuwa linaondoka. Halikuondoka mara moja. Lilianza upande wa kushoto, upande wa kulia ukabaki unatabasamu peke yake kwa muda, haujapata taarifa. Mama mmoja wa mstari wa mbele akaweka kiganja mdomoni. Mtoto akaacha kuchezea puto. Nikanyanyua mkono, taratibu, nikagusa paji la uso, nikaushusha mkono nikautazama. Kiganja kizima, mpaka katikati ya vidole, chekundu.

Na ndipo nikaikumbuka fremu ya mlango.

Mnajua zile habari za mtu aliyegonga kichwa, akasema mbona niko sawa, akaendelea na shughuli zake, halafu baada ya saa moja...? Zote zilinijia, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio. Nikasema kumbe ndiyo hivi. Kumbe hakuumi. Nikashangaa hata nilivyo mtulivu. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Anavuja damu! Mshikeni!" Nikatazama shati, nikaona mifereji mitatu mekundu inashuka kifuani inashindana. Magoti yakaomba ruhusa. Nikausogeza mdomo kwenye kipaza sauti, nikasema maneno yangu ya mwisho (tutayafikia, nimesema), kisha nikaenda chini.

Nilikwenda chini juu ya meza ya viboksi. Vyote 20. Mlio wake ni kama mtu anayekanyaga majani makavu, na nakumbuka wazo langu la mwisho kabla ya giza lilikuwa: milimita 5 zangu.

Nilipofumbua macho, binamu yangu muuguzi alikuwa amenipigia magoti, na wanaume wawili walikuwa wanaliinua taji kichwani mwangu kwa pamoja, pole pole, kama wanainua kifuniko cha fuvu wakiogopa kitakachoonekana. Binamu akaomba kitambaa chenye maji, akaanza kupangusa akitafuta kidonda. Alipopangusa, damu ikaongezeka. Akabadilisha kitambaa. Damu ikaongezeka tena. "Inatokea wapi?" akasema, na nikaisikia sauti yake ikipanda, na muuguzi akipandisha sauti wewe mgonjwa unaanza kuaga na waliotangulia. Akapangusa tena, kidevuni, sikioni. Kila alipogusa kwa maji, wekundu ukatanda. Shangazi alikuwa ameshika mguu wangu wa kushoto anauombea.

Kukawa kimya. Na katika kimya kile mtoto wa dada yangu, miaka 7, aliyekuwa amechuchumaa karibu na kichwa changu anachunguza kwa makini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mjomba anachuja."

Hakuna aliyemjibu.

"Kama ile soksi yangu nyekundu," akaongeza.

Binamu akasimamisha mkono. Akakitazama kitambaa, ambacho kilikuwa kimegeuka cha waridi, waridi safi la kupendeza, si rangi ya damu ya kiumbe yeyote. Akakinusa. Akalichukua taji, akabinya ua moja kwa vidole viwili kama mtu anayekamua sifongo. Likatiririka.

"Gundi," akasema. "Hii damu inanukia gundi."

Aliyeanza kucheka ni shangazi, na alianza akiwa bado ameushika mguu wangu.

(Kwa wale mliouliza kwa faragha: ndiyo, krepu nyingi huchuja zikilowa, rangi yake haijashika kwenye nyuzi. Wapo wanaoiloweka makusudi wapate maji ya rangi. Ningeambiwa mapema ningeshukuru. Naam, niliambiwa, kwa picha. Endeleeni kusoma.)

Yaliyofuata nayapitisha haraka kwa sababu moyo wangu hauna nguvu. Sherehe ilikuwa nzuri sana, wanasema, haijawahi kutokea. Viboksi 3 vilipona. Minyororo haikudondoka, hilo naomba liingie kwenye kumbukumbu. Shangazi alilazimisha kuvikwa taji hivyohivyo, lililopauka upande mmoja, juu ya kilemba kilichofungwa mfuko wa nailoni kwa usalama, na kila picha aliyopiga amelivaa anaonyesha kidole kwenye kichwa changu. Shati limekuwa dekio. Kichwa nimekisugua kwa sabuni, kwa mafuta, kwa siki, kwa kila ushauri mliotuma, na leo siku ya 4 kimetoka kwenye wekundu kimetulia kwenye waridi, na kina mistari, ndiyo maana ya kofia. Mtoto wa dada yangu sasa ni shujaa wa ukoo. Na mimi jina langu jipya ni Mchujo. Jana bosi aliniita hivyo kwenye kikao, na sijui nani kamwambia, ingawa najua.

Haya. La tatu.

Swahiba anasema nilisema mke wangu asiolewe tena. Mwongo. Nimeisikiliza video yake mara 6, na mtu yeyote mwenye masikio atasikia nilichosema. Nilisogeza mdomo kwenye kipaza sauti, nikasema, kwa sauti ya mtu anayekwenda mbali: "Watunzieni wanangu."

Sina mtoto. Sijawahi kuwa na mtoto.

Wageni hawakulitia maanani, walikuwa na kazi ya kunidaka. Lakini mke wangu analo. Tangu juzi, nikila, nikinawa, nikitaka kulala, ananiuliza swali moja hilohilo, kwa upole: "Wanao gani?" Nimemwambia nilikuwa nawazungumzia korongo. Nimemletea wote wanne, hata yule wa nyuma, nikawapanga mezani mbele yake.

Hajacheka.