Kushusha Gari la Kila Siku kwa Fedha Kidogo: Tuanze na Shokapu, Grainda Ikae Kando

Hapa Dar es Salaam mwenye gari dogo mara nyingi humwendea fundi ili alinyanyue, si ili alishushe. Huwekewa spesa za mpira au za alumini juu ya springi ili sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, isikwaruze matuta, na ukipita mitaa ya ndani ya Kinyerezi au Goba wakati wa masika utamwelewa kabisa. Mimi ni wa kundi dogo lililo upande wa pili. Napenda gari lililokaa chini, ambalo nafasi kati ya tairi na madigadi inatosha vidole viwili tu, na gari hilo hilo ndilo linalonipeleka kazini, linalowapeleka watoto shule na linalompeleka mama kliniki kila mwezi. Ninaamini kwamba mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuwa na gari la namna hiyo, ila sharti fedha yake ndogo ianzie mahali pasipoonekana: kwenye shokapu, bushi (mipira ya kwenye maungio) na mauntingi (vishikizo vya mpira vinavyoifunga shokapu kwenye bodi). Anayeanza na springi, hasa kwa kuzikata, atarudi gereji na atalipa tena.

Gari langu ni Toyota Corolla 110, toleo la miaka ya 1990, ambalo kwa wengi wetu halihitaji utambulisho. Magurudumu yake yote manne, ya mbele na ya nyuma, yamebebwa na shokapu iliyovalishwa springi juu yake, kwa muundo uliobuniwa na mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson, katika miaka ya 1940. Ni muundo wa gharama nafuu na usiochukua nafasi kubwa, na ndiyo maana magari madogo mengi tunayoyaendesha yanao. Lakini katika muundo huu shokapu si kifaa cha kutuliza mtikisiko tu. Ni nguzo inayolishika gurudumu lisimame wima, na springi imebanwa kati ya sahani mbili zilizo kwenye mwili wa shokapu hiyo hiyo. Ukigusa urefu wa springi umegusa kila kitu kilichoshikana nayo, na mimi nililijua hilo kwa kuumia.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nimedunduliza laki tano za kulishusha gari. Fundi mmoja, kijana mwenye mikono mepesi kwelikweli, aliniambia laki tano ni nyingi mno. "Bosi, tunakata koili moja mbele, moja na nusu nyuma, jioni unaondoka nalo limelala." Akachukua elfu sitini pamoja na ufundi, akafungua shokapu zote nne chini ya mwarobaini, akawasha grainda, ile mashine ya kukatia chuma, na jioni nikaondoka nalo kweli likiwa limelala. Lilipendeza. Nililisimamisha nje ya nyumba nikalizunguka mara nne au tano kabla sijaingia ndani.

Jumatatu yake, kwenye rasta za kwanza tu kabla ya kituo cha daladala, nilisikia sauti ya "ko!" upande wa kulia mbele, kama mtu aliyegonga sufuria kwa nyundo. Kila tuta lilikuwa na sauti yake. Mama, aliyekaa kiti cha nyuma Alhamisi ile tukienda kliniki, alishikilia mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili njia nzima, na tulipofika akaniuliza, "Mwanangu, gari hili limefanya nini? Mbona linanipiga mgongo?" Sikuwa na jibu la kumpa. Wiki ya tatu nikalipandisha gari kwa jeki nilichungulie, na gurudumu liliponing'inia nikaiona springi imeachana na sahani yake ya juu kwa upana wa kidole. Niliizungusha kwa mkono bila kutumia nguvu. Ile ncha iliyokatwa haikuwa imekaa kwenye kitako chake, bali ilikuwa imepanda ukingoni na kuanza kuitafuna bati ya sahani. Gari hilo nilikuwa nimeliendesha Barabara ya Mandela kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, watoto wakiwa ndani.

Simlaumu kijana yule kwa ubaya wa moyo, kwa kuwa alifanya kile ambacho gereji nyingi hukifanya na ambacho wateja kama mimi hukiomba. Ninacholalamikia ni kwamba hakuna aliyenifanyia hesabu, ilhali hesabu yenyewe si ngumu. Ugumu wa springi hutegemea unene wa waya wake, upana wa mzunguko wake na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Springi yenye mizunguko 5 inayofanya kazi ikikatwa mmoja, ugumu wake hupanda kwa robo, kwa sababu 5 kugawanya kwa 4 ni 1.25. Hapo ndipo watu husema springi iliyokatwa huwa ngumu, na ni kweli. Sasa tazama upande wa pili. Tuseme shokapu ilikuwa na sentimita 8 za kubonyea kabla ya kugota kwenye mpira wake wa ndani. Ukilishusha gari kwa sentimita 5, zinabaki 3. Ugumu umeongezeka kwa robo, lakini nafasi ya kuutumia ugumu huo imepungua kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo kila tuta linalopitwa kwa mwendo wa kawaida linaumalizia mpira, na baada ya mpira hakuna tena springi wala shokapu, ni bati la gari linalopokea pigo kupitia mauntingi. Ile "ko!" niliyokuwa nikiisikia ndiyo hiyo. Na shokapu yenyewe, iliyopimwa kwa springi laini ya kiwandani na tena ikiwa imechoka kwa umri, haiwezi kuituliza springi ngumu zaidi, ndipo gari linapodundadunda barabara ikiwa mbovu.

Wapo wanaokwepa grainda wakatumia moto wa gesi, wakaichoma springi hadi ikawa nyekundu na kulala yenyewe. Hilo ni baya zaidi, na sitalizungumza kwa upole. Chuma cha springi hupata unyumbufu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kiwandani kwa vipimo maalumu, na ukikirudisha kwenye wekundu wa moto umeufuta unyumbufu huo. Kinachobaki ni waya mzito ambao utaendelea kulala siku hadi siku, upande mmoja zaidi ya mwingine, na unaweza kukatika.

Basi nilianza upya, safari hii kwa kufuata mpangilio ambao ningemshauri yeyote mwenye fedha ya kudunduliza kama mimi. Mwezi wa kwanza sikununua kitu chochote cha kushushia gari. Nilibadilisha bushi za mikono ya chini inayoshika magurudumu, boljointi moja (kiungo cha gurudumu) iliyokuwa imelegea, na mauntingi mbili za mbele ambazo mpira wake ulikuwa umepasuka kwa yale mapigo. Miezi miwili iliyofuata nilinunua shokapu mpya, mbili kwanza, kisha mbili. Hapa ndipo ninaposhikilia maoni yangu kwa nguvu zote: kama fedha inatosha kitu kimoja tu, iwe shokapu. Corolla yenye springi za kiwandani na shokapu nzima inakaa barabarani vizuri kuliko Corolla iliyolala juu ya shokapu zilizokufa, na abiria wake hawashiki mipini.

Springi nilizipata za mtumba. Ukizunguka kwa subira Ilala au Gerezani, Kariakoo, utakutana na springi fupi zilizokuja na vipuri kutoka Japani, za watengenezaji kama Tein, Tanabe au RS-R, ambazo zilitengenezwa ziwe fupi tangu mwanzo. Tofauti yake na iliyokatwa utaiona kwa macho. Ncha zake zimeundwa zikae kwenye kitako, na ugumu wake umepangwa na mtu aliyejua gari litabaki na nafasi kiasi gani. Zisimamishe mbili mbili sakafuni uone kama zinalingana urefu, futa vumbi uangalie kama kutu imechimba vishimo kwenye waya, na usinunue isiyo na maandishi wala ile iliyopakwa rangi mpya juu ya rangi ya zamani. Mimi nilikataa seti mbili kabla ya kukubali ya tatu, na muuzaji wa ile ya kwanza alikasirika. Mwache akasirike.

Kuhusu kimo, tusidanganyane na picha za magari ya Japani. Kule ukaguzi wa magari unataka sehemu ya chini ya gari iwe juu ya ardhi kwa angalau sentimita 9, nao wana lami inayowaruhusu kuishi na kipimo hicho. Sisi tuna matuta ambayo kila mtaa umejijengea kwa ustadi wake. Nilipima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, si kutoka ardhini, kwa kuwa upepo wa tairi hubadilisha kipimo cha ardhini, na nikajiwekea mpaka wa kulishusha kwa sentimita 3. Sababu si matuta peke yake. Gari la muundo wa MacPherson likishuka sana, mkono wa chini unaoshika gurudumu huacha kulala na kuanza kuelekea juu kwenye ncha ya nje, na ile nukta ambayo mwili wa gari huizunguka unapoinama kwenye kona huporomoka chini kwa kasi kuliko kitovu cha uzito wa gari kinavyoshuka. Matokeo yake ni kwamba gari lililoshushwa kupita kiasi linaweza kutamani kulala zaidi kwenye kona, kinyume kabisa na mwenye gari anavyodhani. Tairodi, zile fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu, nazo hupinda pembe yake, na gari huanza kujiendesha lenyewe kidogo kila gurudumu linapopanda na kushuka. Ndani ya sentimita 3 mambo haya ni madogo na alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, inayaweka sawa. Kwenye sentimita 7 yanahitaji vifaa ambavyo bajeti yetu haivigusi.

Koilova za bei ya chini, zile shokapu zenye nyuzi kama za skrubu za kupandisha na kushusha gari, sizipendekezi kwa gari la kila siku hapa kwetu. Vumbi na tope huingia kwenye nyuzi, kutu ya pwani inafuata, na baada ya msimu mmoja wa mvua zile nati za kurekebishia hazizunguki tena, ukabaki na kimo kimoja ulichokilipia kama vingi.

Nina jambo la kumwambia anayetafuta sura tu. Sehemu kubwa ya kile tunachokiona kama urefu wa gari ni pengo kati ya rimu ndogo na madigadi. Tairi ya 175/65R14 na ya 185/55R15 zinakaribiana kimo kwa tofauti ya milimita moja na kidogo, kwa hiyo spidomita haipotoki, lakini rimu ya inchi 15 inalijaza lile tundu na gari linaonekana limekaa. Ninamjua jirani aliyefanya hivyo tu, hakugusa springi, na watu humuuliza alilishushia wapi.

Siku ya kufunga, yapo mambo mawili ambayo nilisimama juu ya fundi hadi yakafanyika. La kwanza, nati za bushi hazikukazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Zilishikishwa kwa mkono, gari likateremshwa likakanyaga chini kwa uzito wake, ndipo zikakazwa. Bushi ikikazwa inaning'inia huwa imesokotwa muda wote gari likiwa barabarani, na mpira wake huchanika mapema, kisha watu huzilaumu springi. La pili, hatukwenda alaimenti siku ile. Niliendesha wiki moja hivi ili springi zikae, ndipo nikaenda, na karatasi ya vipimo ilionyesha magurudumu ya mbele yamejipinda kuelekea nje kiasi ambacho kingezila tairi ndani ya miezi michache. Taa za mbele nazo zilirekebishwa siku hiyo hiyo. Asiyebakiza fedha ya alaimenti bado hajatimiza bajeti ya kushusha gari, na ni bora asubiri mwezi mmoja zaidi.

Kazi nzima ilinichukua miezi minane na ikapita zile laki tano kwa kiasi, bila kuhesabu elfu sitini za mwanzo. Mama ameshapanda mara nyingi tangu hapo na hajauliza kitu. Nyuma gari limekaa juu kidogo kuliko mbele, kwa makusudi, kwa kuwa tukiwa watano ndani na mzigo wa sokoni kwenye buti linasawazika.

Zile springi zilizokatwa zilikaa uani kwa muda mrefu. Kijana mmoja wa mtaani, mwenye Corolla kama yangu, alikuja kuziulizia na akanitajia bei nzuri. Nilimweleza niliyoyaeleza hapa, naye akasema atazitumia kwa uangalifu. Nikazipakia kwenye toroli mwenyewe nikazipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu, zikapimwa kwa kilo.