Astrid, jina ambalo bibi alilisikia "Asitiri"

Dada yangu alipojifungua mtoto wa kike alimwita Astrid. Bibi yetu wa Bukoba hakuweza kulitamka kama lilivyoandikwa. Akasema "Asitiri", akanyamaza kidogo, kisha akainua mikono: "Haya, Mungu amsitiri kweli." Tangu siku hiyo jina hili halijanitoka kichwani.

Dada alilichagua kwa sababu alisoma mahali kwamba maana yake ni nyota. Sivyo. Wanaosema hivyo wanalichanganya na neno la Kigiriki la nyota, "aster". Astrid ni jina la Kinorsi cha Kale, lugha ya zamani ya Skandinavia: Ástríðr, lililoundwa kwa maneno mawili: "áss", mmoja wa miungu wa ukoo wa akina Odin na Thor, na "fríðr", yaani mzuri au mpendwa. Uzuri wa kimungu, tuseme. Wadenmark walilifanya Estrid, Wanorwei wakalikata likawa Astri, na Iceland bado wanaandika Ástríður. Vitabu vya majina huishia hapo, nami nasikitika, maana jina hubeba pia maisha ya waliolibeba kabla yetu.

Huko Täby, kaskazini mwa Stockholm, lipo jiwe la karne ya 11 lenye maandishi ya runi, herufi za kale za huko. Linasema kwamba Estrid ndiye aliyesimamisha mawe yale kumkumbuka Eysteinn, mumewe, aliyekwenda Yerusalemu akafia Ugiriki. Mjane ndiye anayetajwa kwanza, na kwa kauli yake tunajua kwamba mwanamume yule aliwahi kuishi.

Lakini ninayempenda kuliko wote ni Astrid binti Olof, mfalme wa Sweden, aliyeolewa na Olaf wa Norway. Olaf aliuawa vitani Stiklestad mwaka 1030. Aliacha mtoto wa kiume, Magnus, ambaye Astrid hakumzaa. Alizaliwa na mwanamke mwingine wa Olaf, na alikuwa amepelekwa kulelewa mbali, kwa watawala wa Urusi ya wakati ule. Kijana aliporudi kupitia Sweden akidai kiti cha baba yake, Astrid alisimama mbele ya mkutano wa Waswidi akawasihi wamsaidie mwana huyo wa mumewe. Walikubali, na Magnus akawa mfalme. Mshairi Sigvat alimtungia Astrid beti za kumshukuru, na beti hizo zipo hadi leo. Sisi tuliolala na ngano za mama wa kambo anayemnyima yatima chakula, tungefaidika kumsikia na huyu.

Estrid wa Denmark, mwenye jina lilelile kwa umbo la kwao, ndiye mama wa Svend aliyetawala tangu 1047. Mfalme huyo aliitwa Svend Estridsen, yaani mwana wa Estrid, kwa jina la mama yake.

Sasa nifike palipotugombanisha nyumbani. Mjomba, aliyefanya biashara miaka mingi ng'ambo ya mpaka, alikasirika: "Mnampa mtoto jina la mji wa Wabelgiji?" Alikuwa na hoja. Mji wa Butare, kusini mwa Rwanda, ambao leo huitwa rasmi Huye, uliitwa Astrida wakati wa ukoloni, kwa heshima ya Astrid, binti wa ukoo wa kifalme wa Sweden aliyeolewa mwaka 1926 na Leopold, mfalme wa baadaye wa Ubelgiji. Hapo palikuwa na shule maarufu ya watawa, iliyoanzishwa 1929, ambamo watoto wa kiume wa machifu walifundishwa kuwa wasaidizi wa serikali ya kikoloni. Malkia mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari huko Küssnacht, Uswisi, Agosti 1935, akiwa na umri wa miaka 29. Miezi michache kabla yake alikuwa amewaomba Wabelgiji wachangie nguo na chakula kwa maskini wao. Rwanda ilipopata uhuru mwaka 1962, mji ulirudishiwa jina la Butare.

Na ilikuwa haki kulirudisha. Mji wa watu haupaswi kufunikwa kwa jina la malkia wa mbali, hata awe mwema kiasi gani. Ila mtoto si mji. Wanawake wa ukanda huu wa Maziwa Makuu waliobatizwa Astrida wameliishi jina hilo sokoni, shambani na kanisani kwa miongo mingi. Kuwaambia leo kwamba ni la Wabelgiji ni kuwanyang'anya kilicho chao. Nilimjibu mjomba hivyo, kwa adabu, naye hakukubali. Tuliafikiana jambo moja tu: mtoto akikua asidanganywe kwa neno "nyota". Asimuliwe yote, mawe ya Täby na shule ya Astrida pia.

Bibi hakuingia katika mabishano yale. Kwake jambo lilikwisha siku ile ya kwanza. Cheti cha kuzaliwa kinasema Astrid, lakini juzi nilipowatembelea, mama yake alimwita mara mbili asigeuke. Bibi akaita kutoka jikoni, "Asitiri!" Mtoto akatambaa mbio kuelekea sauti ile.