Hapa Wanauliza Cheti, Kwetu Wanauliza Kwenu Wapi

Mzee ninayemhudumia zamu ya mchana hapa Erie, jimbo la Pennsylvania, Marekani, masikio yake yamechoka, kwa hiyo simu ya mezani anaipokea kwa spika na korido nzima tunafaidi. Juzi walimpigia watu wa utafiti wa maoni. Wakamuuliza umri, wakamuuliza kama amejiandikisha kupiga kura, halafu likaja lile swali ambalo sijalizoea mpaka leo: umesoma mpaka wapi? Binti akamsomea ngazi zote, moja moja, kama kondakta anayetaja vituo. Mzee akajibu: "Sekondari. Halafu miaka thelathini na ushee ya kuchomelea vichwa vya treni." Kimya kidogo. "Sawa, mzee. Nimeandika sekondari."

Kwetu nani anakuuliza hivyo? Bongo mtu akitaka kujua utampigia nani anakuuliza kwenu wapi. Kenya hata hakuulizi, akisikia tu jina lako la mwisho ameshamaliza hesabu. Hapa wanauliza cheti, na kusema kweli wana sababu. Mwaka 2024, kwa hesabu za wapigakura waliohojiwa wakitoka vituoni, Kamala Harris wa chama cha Democratic alipata kama asilimia 55 ya wenye digrii, na Donald Trump wa Republican kama asilimia 56 ya wasio nayo. Wachukue Wazungu wasio na digrii peke yao: Trump amezoa karibu theluthi mbili ya kura zao mara zote tatu alizogombea, 2016, 2020 na 2024. Kwa Weusi kipimo hicho hakisemi mengi, maana aliyeishia sekondari na mwenye PhD wote kwa wingi wao wako Democratic. Lakini kwa Mzungu, ukijua kama ana digrii, nusu ya habari unayo mkononi.

Basi wasomi wenzangu wakishaziona namba hizo, kazi imekwisha. Kundi letu la WhatsApp la tuliopita Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilijaa usiku ule wa matokeo: "Si mnaona? Wajinga ndio wamemrudisha." "Elimu ni ufunguo wa maisha jamani, ona taifa kubwa linavyoangamia." Asubuhi naingia kazini, bosi mmoja mwenye digrii mbili ananinong'oneza hayo hayo kwa Kiingereza, tena mlangoni kwa yule mzee: hawa hawakusoma, utawalaumu vipi? Mabara mawili, sentensi moja. Nilimwangalia, nikaenda zangu kubadilisha mashuka.

Kinachoniudhi ni kwamba hoja yenyewe haishiki, na wanaoisema ndio waliofundishwa kupima hoja. Mwaka 1960 waliosoma chuo walikuwa kwa Richard Nixon wa Republican, tena kwa wingi. John Kennedy wa Democratic alibebwa na watu wa viwandani na vyama vyao vya wafanyakazi. Wakati huo daktari, meneja wa benki na mwanasheria ndio walikuwa Republican, na hakuna aliyesema Democratic ni chama cha wajinga, au kama walisema walisemea klabuni kwao. Au chukua West Virginia, jimbo la makaa ya mawe, lenye digrii chache kuliko majimbo yote. Mwaka 1988 Michael Dukakis wa Democratic aligaragazwa katika majimbo 40, lakini West Virginia ilimpa kura. Bill Clinton wakampa 1992, wakampa tena 1996. Mwaka 2024 jimbo hilo hilo limempa Trump asilimia 70. Nielezeni, wasomi wenzangu: 1988 walikuwa na akili, halafu zikapotelea wapi? Wajukuu wao wamesoma kuliko wao.

Kilichobadilika si vichwa vya watu, ni nani anazungumza nao na anawaambia nini. Mwaka 2000 viwanda vya Marekani viliajiri watu kama milioni 17. Kufika 2010 hawafiki milioni 12. Biashara na China, mashine, mdororo wa uchumi wa 2008, vyote vilikuja kwa mkupuo, na kwa miaka yote hiyo jibu la wakubwa wa vyama vyote viwili lilikuwa moja: rudi shule. Mwambie mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye mkopo wa nyumba na mgongo unaouma, arudi shule. Watu wazima wenye digrii hapa hawafiki hata wanne katika kumi, maana yake unapoifanya digrii kuwa tiketi ya heshima umewafungia nje walio wengi. Halafu unashangaa wanamsikiliza atakayewapigia kelele kwa niaba yao.

Huku Erie mambo haya unayaona kwa macho. Kaunti hii ilimchagua Barack Obama 2008 na 2012, ikaenda kwa Trump 2016, ikarudi kwa Joe Biden 2020, ikaenda tena kwa Trump 2024, na mara hizo tatu za mwisho kwa tofauti ya kura kidogo mno. Mzee wangu ananiambia Obama alimpa mara mbili, Trump mara tatu. Elimu yake haikuongezeka wala kupungua hata siku moja katikati ya hizo kura. Ile ile sekondari iliyoandikwa na yule binti.

Sasa nawasikia. "Ona mbeba boksi, ameshakuwa mtetezi wa Trump." Jamani, nimtetee Trump kwa faida gani? Majirani zangu hapa ni Wakongo waliokuja kama wakimbizi, tunasalimiana kwa Kiswahili dukani, na wengine wana ndugu waliokwama tangu mpango wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa Januari 2025. Mimi mwenyewe na green kadi yangu siku hizi nikiona bahasha ya serikali naifungua nikiwa nimekaa. Simtetei. Nasema "hawakusoma" si maelezo ya kura, ni tusi lililovaa tai.

Na mwingine: "Umekaa kwa Wazungu, sasa unatufundisha sisi." Hapana, hili nimelijua kutoka nyumbani, na ninyi pia mnalijua. Mwaka 1958 Mwingereza alituwekea uchaguzi wa kura tatu: kila mpigakura achague Mzungu mmoja, Muasia mmoja na Mwafrika mmoja, na kabla hujaikaribia karatasi uwe na kipato fulani au elimu fulani au cheo fulani. TANU, chama kilichodai uhuru, nusura ipasuke kwenye mkutano wa Tabora kwa ajili ya masharti hayo. Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa akina mama wa TANU, alikuwa na shule ya kuokoteza, na ndiye aliyewakusanya akina mama wa Dar es Salaam kwa maelfu. Wengi wa akina mama hao, kwa masharti yale, hawakuwa na sifa ya kupiga kura. Sasa niambieni nani alielewa siasa ya nchi ile, wao au karani aliyekuwa anakagua vyeti?

Marekani nao walikuwa na lao. Mississippi, Mweusi akienda kujiandikisha anapewa kifungu cha katiba akisome na akifafanue, na msahihishaji ni karani yule yule Mzungu asiyemtaka. Profesa Mweusi aliweza kufeli huku Mzungu asiyejua kusoma anapitishwa. Ilibidi ije sheria ya haki ya kupiga kura ya 1965 kuliondoa. Kwa hiyo mtu akiniambia kura ingefaa iendane na elimu, najua anatembea njia ya nani.

Najivunia sana kwamba katiba yetu haikumwekea mpigakura mtihani. Halafu nawakumbuka wasomi wetu, hasira zinapanda. Tunamcheka mama wa kijijini kwamba anapewa kanga na sahani ya pilau. Haya, na profesa anayepiga meza bungeni mpaka mikono inauma, akisubiri uteuzi, yeye amepewa nini? Mama akichukua kanga anaweza bado kupiga anavyojua mwenyewe, ndani ya kituo haonwi. Profesa anaonekana saa zote. Uhakiki wa vyeti wa 2017 ulitoa watumishi karibu 10,000 wenye vyeti feki, na tukaambiwa sasa ofisi zitanyooka. Zimenyooka? "Darasa la saba" tumelifanya tusi, kumbe waliotufikisha hapa tulipo wengi wana joho kabatini.

Wakenya waliamua sheria iseme kabisa rais na gavana wawe na digrii. Waulizeni kama foleni ya wezi imepungua. Marekani hawana sharti hilo. Harry Truman aliingia Ikulu yao 1945 bila digrii, na ndiye wa mwisho mpaka leo. Trump mwenyewe amesoma Wharton, chuo cha biashara chenye jina kubwa, makamu wake J. D. Vance ana digrii ya sheria ya Yale, na ndio wanaozunguka kuwaambia watu kwamba wasomi ni adui zao. Februari 2016, baada ya kushinda Nevada, Trump alisimama akasema anawapenda wenye elimu ndogo. Wasomi walicheka. Mimi nilijiuliza ni mwanasiasa gani wa kwetu angelisema hilo jukwaani bila kugawa kofia kwanza.

Mtu mmoja kwenye kundi aliniuliza kwa nini wataalamu wa Bongo hawafanyi uchambuzi kama huo, kura kwa elimu, kura kwa umri. Ndugu yangu, mshindi akitangazwa kwa asilimia 97 na ushee, mtafiti aanze kugawa kipande kipi? Wenye digrii asilimia 97, wasio na digrii asilimia 97, waliokufa tuwaweke wapi?

"Wewe lakini hata kura huko huna." Kweli, sina, green kadi haipigi kura. Ya nyumbani nayo sina, kwa sababu Mtanzania aliye nje hajawekewa kituo, awe na PhD au asiwe nayo. Wakenya wa hapa Marekani mwaka 2022 walimpigia rais wao kura Washington, New York na Los Angeles. Mlangoni walitakiwa hati ya Kenya. Digrii hakuna aliyeiulizia.