Irudisheni Theyyam Kwenye Kavu

Hivi karibuni, katika ukumbi wa hoteli moja hapa Muscat, ilifanyika hafla ya utamaduni wa Kerala, jimbo la kusini mwa India, na baada ya chakula cha usiku mshereheshaji akatangaza kwamba sasa tungeburudishwa kwa Theyyam. Aliingia mtu aliyepakwa uso rangi nyekundu, mwenye taji refu na vazi la makuti machanga ya mnazi, akazunguka jukwaani kwa dakika chache huku ngoma ikisikika kutoka kwenye spika, kisha akasimamishwa mlangoni ili wageni wapige naye picha. Mwenzangu wa kazini anayetoka Kannur, ambaye ndiye aliyenialika, aliinamisha kichwa tangu mwanzo hadi mwisho. Alipoitwa kwenye picha alijibu kwa upole kwamba kwao mtu husogea mbele ya sura ile ili kueleza shida zake. Tangu usiku ule nimekuwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Sisi tulioishi Ghuba tumefanya kazi na Wamalayali, yaani watu wa Kerala, tumealikwa kwao siku ya Onam, sikukuu yao ya mavuno, na wengi wetu tumewahi kutazama Kathakali, tamthilia yao ya densi. Theyyam ni jambo jingine kabisa. Ni ibada ya kaskazini mwa Kerala, hasa Kannur na Kasaragod, yenye sura zaidi ya 400, na msimu wake huanza mwishoni mwa Oktoba na kufungwa mvua kubwa za Juni zinapokaribia. Mahali pake ni kavu, yaani vile vijisitu vya ibada, pamoja na nyua za nyumba kubwa za ukoo. Anayeibeba sura hiyo hutoka katika jamii kama za Wavannan, Wamalayan, Wavelan na Wapulayan, na kila familia ina eneo lake la kurithi ambalo familia nyingine haina haki ya kuliingilia. Hukaa na miiko kwa siku kadhaa, huimba masimulizi ya mungu husika, hulala chali kwa saa nyingi akichorwa uso, kisha huketi kwenye kigoda mbele ya hekalu dogo, akavishwa taji na kupewa kioo. Akijitazama kwenye kioo hicho haoni tena uso wake, na kuanzia hapo, kwa kila aliyepo, yeye ni mungu.

Jambo hili ndilo linalonichoma, kwa sababu tunazungumzia jamii zilizowekwa chini kabisa katika ngazi ya matabaka ya kuzaliwa. Katika Kerala ya zamani, Mpulayan alilazimika kusimama mbali na watu wa tabaka la juu ili hata ukaribu wake usiwatie najisi, na milango ya mahekalu makubwa ilifungwa kwake. Kule kusini, Travancore, ilifunguliwa kwa tangazo la mfalme mwaka 1936 tu. Lakini katika kavu, usiku wa Theyyam, mwenye shamba ambaye mchana asingemruhusu mtu huyo kusogelea baraza yake huinama mbele yake, hupokea manjano kutoka kiganjani mwake, na husikiliza akiambiwa hadharani mambo ambayo hakuna mtumishi angethubutu kumwambia. Katika Pottan Theyyam, mungu mwenyewe ni mtu wa tabaka la chini aliyekataa kumpisha njia Shankaracharya, mwanafalsafa mkubwa, na katika wimbo wake anamuuliza: mkikatwa ninyi hutoka damu, tukikatwa sisi hutoka damu, basi ugomvi wa tabaka unatoka wapi? Maneno hayo husemwa na mtu anayejilaza juu ya makaa ya moto, mbele ya wajukuu wa wale waliowafukuza babu zake njiani. Muchilottu Bhagavathi naye ni binti msomi wa Kibrahmin, tabaka la juu, aliyewashinda wanaume kwa hoja, akachafuliwa jina na kufukuzwa hadi akajitia motoni, na leo jamii nzima humwita mama.

Sasa niambieni, ni nani aliyeambiwa ukweli katika ukumbi ule wa hoteli? Ni bwana gani aliyeinama? Tulichukua rangi na taji, tukaacha hukumu. Zaidi ya hayo, tulimchukua mtu ambaye mwili wake hubeba mzigo ule mzito na moto ule mwaka baada ya mwaka, tukamfanya pambo la mlangoni. Mswahili aliyekulia karibu na uganga hahitaji kuelezwa tofauti kati ya ngoma ya pepo na ngoma ya harusi.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wachezaji nao wana watoto wa kulisha, kwamba msimu haudumu mwaka mzima, na kwamba anayekubali malipo ya jukwaani hastahili kulaumiwa na mimi niliyekula na kushiba katika hafla ile ile. Nakubali pia kwamba Kutiyattam ilitolewa nje ya mahekalu katika karne ya 20 na ikapata uhai mpya, hata UNESCO ikaitambua mwaka 2001. Lakini Kutiyattam ni tamthilia, na mwigizaji wake hubaki mwigizaji. Hakuna anayemwendea na ugonjwa wa mtoto wake au kesi ya shamba.

Kwa hiyo nawaomba waandaaji wa hafla hizi, ambao najua wanaipenda Kerala kwa dhati, waalike Kathakali, waalike Oppana ya Wamalayali Waislamu, waalike Thiruvathira, kwa kuwa hizo zinaweza kusimama mbele ya watazamaji zisipungukiwe. Anayetamani Theyyam afunge safari, aketi chini kavuni hadi alfajiri na kuiacha simu mfukoni. Msimu ukiwa umempita, aende Parassinikkadavu, kando ya mto Valapattanam, ambako Muthappan, mungu mwingine wa Theyyam, hutokea karibu kila siku ya mwaka, hupewa tembo la mnazi na samaki mkavu, na humshika mkono mgeni wa dini yoyote ile na kumuuliza kilichomleta.